Embu, Wajir na Umri wa Anayehitaji Kusaidiwa

Matokeo ya sensa ya Kenya ya mwaka 2019 yaliitanguliza Kaunti ya Embu katika jambo ambalo hakuna kaunti inayojivunia. Kati ya kila wakazi 1,000 wa Embu wenye umri wa miaka mitano na zaidi, 44 walihesabiwa kuwa na ulemavu. Homa Bay ilikuwa nyuma yake kidogo kwa 43, kisha Makueni na Siaya kwa takriban 41. Wajir ilishika mkia kwa watu 6. Anayezijua kaunti hizi lazima ashangae. Embu iko kwenye miteremko ya Mlima Kenya, ina mvua, kahawa na majani chai, shule zake ziko karibu na hospitali ya rufaa iko mjini. Wajir ni kame, na mama aliyeshindwa kujifungua anaweza kusafirishwa saa nyingi kabla ya kumfikia daktari wa upasuaji. Umaskini na ukosefu wa matibabu huzaa ulemavu, hilo halina ubishi. Imekuwaje basi Embu ipewe kiwango cha zaidi ya mara saba ya kile cha Wajir? Jibu lenye uzito mkubwa kuliko mengine ni umri. Embu ina wazee wengi, Wajir imejaa watoto na vijana, na uwezo wa mwili wa kuona, kusikia na kutembea hupungua kadiri miaka inavyosonga. Anayesoma asilimia ya kaunti bila kuuliza waliohesabiwa wana miaka mingapi hatajua ni nani anayehitaji kusaidiwa, wala anahitaji kusaidiwa nini. Nashikilia kwamba serikali zetu, ya kitaifa na za kaunti, zimekuwa zikiisoma hesabu hii bila umri, na wanaoumia zaidi kwa sababu hiyo ni wazee.

Kwanza tuelewe kilichoulizwa. Sensa ya mwaka 2009 ilitangaza kwamba asilimia 3.5 ya Wakenya, yaani watu wapatao milioni 1.3, walikuwa na ulemavu. Miaka kumi baadaye kiwango kikashuka hadi asilimia 2.2, watu zaidi kidogo ya 900,000. Ulemavu haukupungua kiasi hicho. Kilichobadilika ni swali. Mwaka 2009 watu waliulizwa moja kwa moja kama kuna mlemavu nyumbani na wa aina gani, na kila mmoja akajibu kwa kadiri alivyolielewa neno hilo. Mwaka 2019 makarani walitumia maswali yaliyoandaliwa na Kundi la Washington, jopo la kimataifa la wataalamu wa takwimu: je, mtu huyu hupata ugumu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka mambo, kuoga na kuvaa, au kuwasiliana na wenzake? Majibu yalikuwa ya ngazi nne, kuanzia kutopata ugumu wowote hadi kutoweza kabisa, na waliohesabiwa ni wale tu wenye ugumu mkubwa au wasioweza kabisa. Watoto wa chini ya miaka mitano waliachwa nje, kwa sababu maswali hayo hayawafai. Hakuna mtoto wa miaka miwili anayeoga na kuvaa mwenyewe. Kwa hiyo hesabu tuliyo nayo ni ya ugumu wa kufanya shughuli. Haituambii ni wangapi wanaohitaji mtu wa kuwainua kitandani, kuwalisha au kuwashika mkono hadi chooni. Australia, kwa mfano, imekuwa ikiuliza jambo hilo katika sensa tangu mwaka 2006: je, mtu huyu anahitaji msaada wa mwingine kujihudumia, kutembea au kuwasiliana? Matokeo yake hupangwa kwa umri, eneo kwa eneo. Mwaka 2021 waliojibu ndiyo walikuwa asilimia 5.8, zaidi ya mara mbili ya kiwango cha Kenya cha ulemavu. Sababu kubwa ni kwamba Australia ni nchi yenye wazee wengi kuliko yetu.

Jinsi ulemavu unavyopanda na umri imepimwa kote duniani. Shirika la Afya Duniani na Benki ya Dunia walitoa mwaka 2011 ripoti iliyotumia takwimu zilizokusanywa katika nchi nyingi kati ya 2002 na 2004. Katika watu wenye miaka 18 hadi 49, waliokuwa na ugumu mkubwa wa kuendesha maisha yao walikuwa asilimia 8.9, katika wenye miaka 60 na zaidi walifika asilimia 38.1. Katika nchi maskini, kiwango cha wazee kilikuwa asilimia 43.4, na katika nchi tajiri asilimia 29.5. Kipimo kilichotumika huko si kile cha sensa ya Kenya, kwa hiyo mtu asizilinganishe tarakimu hizo moja kwa moja. Kinachotuhusu ni mwinuko wenyewe, na ukweli kwamba mzee wa nchi maskini hulemaa mapema na zaidi kuliko mzee mwenzake wa nchi tajiri.

Hebu tufanye hesabu ndogo ya kubuni. Chukua kaunti mbili zinazofanana kwa kila hali: katika kila moja, asilimia 1 ya wasiofika miaka 60 wana ulemavu, na asilimia 15 ya waliofika 60 na kuendelea. Tofauti ni moja tu: katika kaunti ya kwanza wazee ni asilimia 10 ya wakazi, na katika ya pili ni asilimia 2. Ukijumlisha, kaunti ya kwanza itatoa kiwango cha ulemavu cha asilimia 2.4, na ya pili kama asilimia 1.3. Gavana wa kwanza atalaumiwa na wa pili atasifiwa, ilhali hakuna mkazi wa kaunti moja aliye katika hatari zaidi kuliko mwenzake wa umri wake katika kaunti ya pili. La muhimu zaidi ni sura ya wale wanaohitaji huduma. Katika kaunti ya kwanza, zaidi ya sita katika kila kumi ni wazee. Katika ya pili, robo tatu na zaidi hawajafika 60. Kaunti ya kwanza inahitaji zaidi wapasuaji wa macho, miwani, vifaa vya kusikia na watu wa kuwahudumia wagonjwa nyumbani; ya pili inahitaji zaidi walimu wa watoto wenye mahitaji maalumu, wataalamu wa tiba ya viungo kwa wadogo, na vifaa vinavyobadilishwa mtoto anavyokua. Bajeti moja haiwezi kuzifaa zote mbili. Na kwa kweli Kenya ina tofauti za namna hii. Utafiti wa afya na uzazi wa mwaka 2014 ulikuta kwamba mwanamke wa Wajir angejifungua wastani wa watoto 7.8 maishani, na wa Kirinyaga, jirani ya Embu, 2.3. Mahali panapozaliwa watoto wachache, na vijana wakimaliza shule wanakwenda Nairobi au Thika kutafuta kazi, wanaobaki mashambani ni wazee. Ndiyo maana pia kiwango cha ulemavu vijijini kilikuwa asilimia 2.6 na mijini asilimia 1.4. Vijana wenye nguvu zao huja mjini, na wanaozeeka mjini wengi hurudi kwao.

Umri haumalizi kila swali. Homa Bay na Siaya hazina uzazi mdogo kama wa kaunti za Mlima Kenya, na bado ziko juu. Huko kuna malaria ambayo ikimpanda mtoto kichwani humwacha na kifafa au akili iliyodumaa, na kuna historia ya ukimwi iliyoondoa watu wazima wa kizazi kizima na kuwaacha mababu na wajukuu. Ama Wajir, sita kati ya elfu ni hesabu ndogo mno hata kwa kaunti ya vijana. Nadhani sehemu yake ni watoto wasiotajwa mbele ya karani, na sehemu ni ugumu wa kuzifikia familia zinazohamahama. Mtu anaweza kusema kwamba, kama takwimu zina mashimo hivi, tusijenge hoja juu yake. Mimi naona kinyume. Ukiwa na asilimia moja tu ya kaunti nzima huwezi hata kujua shimo liko wapi. Ukizipanga kwa umri, mashimo yanaonekana: kaunti ambayo wazee wake wana ulemavu kama wa wazee wengine, lakini watoto wake karibu hawana kabisa, imewaficha watoto. Mpangilio wa umri hutumika pia kupima ukweli wa hesabu yenyewe.

Na kila rika lina ulemavu wake wenye historia yake. Watoto wengi hulemaa katika saa chache za kuzaliwa, kwa kukosa hewa au kwa umanjano mkali usiotibiwa siku za kwanza, wengine baadaye kwa homa ya uti wa mgongo. Hao wanahitaji kutambuliwa mapema, na vituo vya serikali vya kuwapima, vilivyoanzishwa mwaka 1984, bado ni vichache na viko mbali na wanaovihitaji. Kwa vijana wa kiume, barabara ndiyo mlango mkuu wa ulemavu. Tangu bodaboda zilipoenea, wodi za mifupa zimejaa wavulana waliovunjika miguu, na baadhi yao hukatwa mguu au huumia uti wa mgongo wakiwa na miaka ishirini na kitu, wakiwa na nusu karne ya kuishi mbele yao. Kisha kuna kundi ambalo huonyesha vizuri kuliko yote kwamba ulemavu una tarehe zake, nalo ni watu waliougua polio. Kenya ilipata mgonjwa wake wa mwisho wa polio ya asili ya humu nchini mwaka 1984, na visa vichache vilivyofuata viliingia kutoka nje. Kwa hiyo karibu kila Mkenya anayetembea kwa magongo kwa sababu ya polio leo ana miaka zaidi ya 40. Yule mwanafunzi wa bweni la watoto walemavu wa miaka ya 1970 sasa ni mtu mzima ambaye mabega yake yameanza kuchoka kwa kubeba uzito wa mwili, na misuli iliyomsaidia miongo mingi inalegea upya. Anakutana na uzee mapema. Hajawahi kuacha kuwa na ulemavu, ila mahitaji yake yamegeuka, na huduma alizozizoea zilijengewa umri alioupita.

Wengi kuliko wote, hata hivyo, ni wale waliokuwa wazima hadi utu uzima wao. Ugumu wa kutembea ndio ulemavu uliotajwa zaidi katika sensa ya 2019, ukiwapata asilimia 42 ya wenye ulemavu. Magoti yaliyoisha, kiharusi kilichopooza upande mmoja, miguu iliyokatwa kwa sababu ya kisukari. Katika macho, sababu kuu ya upofu ni mtoto wa jicho, ambaye huondolewa kwa upasuaji wa muda mfupi. Hata tofauti ya wanawake na wanaume, asilimia 2.5 kwa 1.9, kwa sehemu kubwa ni habari ya umri: wanawake huishi zaidi, wakafikia miaka ambayo mwili hudai kusaidiwa, mara nyingi wakiwa wajane.

Sasa tutazame sheria na mipango. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inataka asilimia 5 ya nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa zishikwe hatua kwa hatua na watu wenye ulemavu. Aliyesajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu anaweza kusamehewa kodi kwenye mapato yake ya hadi shilingi 150,000 kwa mwezi. Asilimia 30 ya zabuni za serikali zimetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kuna ufadhili wa masomo na vifaa vya kazi. Haki hizi zilipiganiwa kwa miaka mingi na wanaharakati waliokuwa na kila sababu ya kuzidai, na sitaki hata moja ipunguzwe. Lakini zitazame kwa jicho la umri. Zinamfaa mwanafunzi, mfanyakazi mwenye mshahara, mwenye kampuni na mgombea wa kiti. Mama wa miaka 68 wa Mbeere, huko Embu, aliyepooza mkono na mguu hana mshahara wa kusamehewa kodi wala kampuni ya kuomba zabuni. Kwake kuna fedha za Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, ambazo mzee huzipata akitimiza miaka 70. Katiba hiyo hiyo inasema mzee ni aliyepita miaka 60. Miaka kumi katikati, yeye ni mzee kwa Katiba na si mzee kwa malipo. Ziko pia shilingi 2,000 za kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, lakini ili atambuliwe kuwa na ulemavu inambidi afike hospitali iliyoidhinishwa akapimwe na jopo la madaktari, na kutotembea ndilo tatizo lenyewe lililomfanya ahitaji kupimwa. Akienda dirisha la wazee anaambiwa hajafika; akienda dirisha la ulemavu anaonekana ni mzee tu. Zanzibar nayo, ilipoanzisha pensheni ya wazee wote mwaka 2016, iliweka mstari kwenye miaka 70. Na si Afrika Mashariki peke yake: mpango mkubwa wa bima ya ulemavu wa Australia haumpokei mtu mpya aliyefikisha miaka 65, naye huelekezwa kwenye huduma za wazee. Tofauti ni kwamba huko kuna huduma za wazee za kuelekezwa.

Pingamizi la kwanza husikika nyumbani kabla ya kusikika ofisini: kudhoofika uzeeni ni kawaida ya maumbile, na tukiliita ulemavu tutakuwa tumewaita wazee wote walemavu. Wapo wazee wenyewe wanaolikataa jina hilo kwa nguvu, na wana haki ya kulikataa. Lakini Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ulioridhiwa na Kenya mwaka 2008, hauulizi umri. Unauliza kama mtu ana upungufu wa muda mrefu ambao, ukikutana na vizuizi vya mazingira, unamnyima nafasi sawa na wengine. Choo cha shimo kisicho na mahali pa kushika kinamzuia kijana aliyekatwa mguu na kinamzuia bibi mwenye magoti mabovu kwa namna ile ile. Kuita jambo kawaida ya uzee kuna gharama inayoweza kuhesabiwa: mzee asiyeona kwa mtoto wa jicho hapelekwi kwa daktari, kwa kuwa wote nyumbani wanaamini macho yamemaliza kazi yake, na anakufa kipofu kwa ugonjwa uliokuwa na tiba.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka kwa watu wanaowatetea watoto. Robo tatu ya Wakenya wana chini ya miaka 35. Hata kama kiwango cha ulemavu kwao ni kidogo, kikizidishwa kwa mamilioni kinatoa umati. Mtoto ana miaka mingi mbele, na shilingi inayomsaidia kusoma leo italipa kwa miaka 50. Kwa nini tuipeleke kwa mwenye miaka 80? Nakubali kwamba mtoto asiyesikia akikosa lugha ya ishara katika miaka yake ya kwanza hasara hiyo hairudishiki, na kwa kaunti kama Wajir au Mandera pesa nyingi za ulemavu ziende kwa watoto bila kusita. Huko ndiko mpangilio wa umri unakoelekeza, na ndiyo faida yake. Ila tusijidanganye kwamba mzee asiyesaidiwa na serikali hana anayemlipia. Yupo binti aliyeacha kibanda chake sokoni, mkaza mwana anayeamka usiku mara tatu kumgeuza, mjukuu wa kike anayekosa shule siku za kliniki. Utafiti wa serikali kuhusu matumizi ya muda wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba wanawake wa Kenya hutumia karibu mara tano ya muda wa wanaume katika kazi za nyumbani na za kulea zisizolipwa. Kumuuguza mzee kumo humo. Anayeokoa pesa kwa kumnyima bibi huduma amezitoa mfukoni mwa mjukuu.

Hili linajibu pia wale wanaosema Mwafrika hulea wazazi wake, mambo ya serikali yawe ya Wazungu. Familia zinalea, na zinalea kwa moyo. Lakini zinalea zikiwa na watoto wachache kuliko zamani, na watoto hao wako Mombasa, Doha na Minneapolis. Mwaka 2009 Wakenya wenye miaka 60 na zaidi walikuwa karibu milioni 1.9, mwaka 2019 walikuwa milioni 2.7. Wale waliozaliwa katika miaka ya 1980, kizazi kikubwa kuliko vyote vilivyokitangulia, wataanza kuvuka 60 kuanzia mwaka 2040. Leo wana miaka arobaini hivi, na namna watakavyozeeka inaamuliwa sasa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Kiharusi cha mwaka 2045 kinajengwa katika mishipa ya watu hao, na kidonge cha presha cha kila siku ni nafuu sana kuliko miaka kumi ya kulala kitandani.

Vyombo vya kufanyia kazi hii vipo. Tangu Septemba 2023 serikali imesambaza wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, wenye mikoba iliyo na kipima presha, wanaozunguka nyumba kwa nyumba. Wanaweza kuandika katika kila nyumba ni nani asiyeweza kuoga au kutembea bila kusaidiwa, ana miaka mingapi, na anayemsaidia ana miaka mingapi. Na jopo la hospitali linaweza kuwafuata wasiofika, wadi kwa wadi, badala ya kuwangoja. Malipo ya wenye ulemavu mkubwa yanaweza kufunguliwa kwa walio kati ya 60 na 69 bila kungoja sheria mpya ya wazee. Na sensa ijayo, inayotarajiwa mwaka 2029, iyabakize maswali sita ya Washington, iongeze la saba kuhusu kuhitaji kusaidiwa kila siku, kisha majibu yachapishwe kwa umri hadi ngazi ya wadi. Bunge la Kaunti ya Embu litajua ni wazee wangapi wa kupasuliwa macho katika kila wadi, na la Wajir ni watoto wangapi wanaongoja mwalimu wa lugha ya ishara, kabla ya kupitisha bajeti za mwaka unaofuata.